Bura Anachunga Punda

Mimi nina hasira za karibu na mdomo wangu hauna breki. Nalisema mapema ili usije ukanishangaa mbele. Naitwa Bernadina. Nashona sare za shule hapa Babati mjini, karibu na stendi, na kila Jumamosi saa nane mchana nafunika cherehani naenda kwenye duka la magodoro la Rashidi kurekodi podikasti yetu. Inaitwa Dadu na Upanga. Nusu ya kwanza tunajadili vitabu vya zamani, vile vya mazimwi, falme zilizopotea na panga zenye majina. Nusu ya pili tunacheza. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni kwenye daftari, mimi nasimulia safari, na jambo likiwa gumu dadu ndiyo inaamua.

Tunarekodi stoo, katikati ya magodoro, kwa sababu magodoro yanameza kelele. Hayamezi zote. Siku moja Mama Tunu wa Nangara alikuwa dukani anabonyeza godoro la tano kwa sita, akasikia sauti ya mwanamume nyuma ya ukuta ikisema, "Nimebakiwa na damu tatu, na hili jini bado halijashiba." Alitoka mbio akaacha kandambili moja. Ilibidi Rashidi amfuate mpaka kwa mafundi baiskeli amweleze kwamba damu ni alama tu, mtu wako akiumizwa unazipunguza kwa penseli. Alielewa nusu. Kandambili alichukua, godoro hakununua.

Sauti ile ilikuwa ya kaka yangu, Cornel. Podikasti hii ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Ndiye aliyenunua boksi la vitabu mnadani akidhani ni vya kilimo, akafika nyumbani akakuta ni mazimwi matupu. Akavisoma hivyohivyo mpaka vikatoka majalada, na jioni akatusimulia mimi na mama kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Mtu wake kwenye mchezo aliitwa Bura. Alikuwa jitu la shoka, lenye jicho moja na upole kwa wanyama. Bura aliishi miaka mitatu. Tuna wasikilizaji Mbeya wanaomsalimia Bura kabla hawajatusalimia sisi.

Sasa nieleze kosa langu.

Mwaka ule mbaazi zilikosa mnunuzi. Cornel alikuwa amekodi shamba Singe, akavuna vizuri, na magunia yakabaki yamepangwa sebuleni kwa mama mpaka tukawa tunapita upandeupande. Haujapita mwezi, wakwe watarajiwa wa Dareda wakarudisha posa. Cornel hakulalamika. Jumamosi alikuja kama kawaida, ameoga, kachomekea shati, akakaa kwenye godoro lake.

Siku hiyo Bura alibaki peke yake kwenye daraja la kamba, na mbele yake limesimama zimwi la vichwa vitatu. Ili avuke, dadu ilitakiwa itoe kumi na mbili au zaidi; ikipungua, Bura amekufa. Yetu ina pande ishirini. Nilikuwa nairusha mimi, nyuma ya kitabu nilichokisimamisha wima, ndivyo tulivyozoea. Nikairusha. Ikasimama kwenye tatu.

Nikamtazama kaka yangu alivyoinama mbele, viganja kavibana katikati ya magoti, na moyo ukanishinda.

"Kumi na tano," nikasema.

Cornel akacheka, mara ya kwanza tangu mavuno. Nikajiona nimefanya la maana.

Rashidi alikuwa ubavuni kwangu na aliiona ile dadu. Ikamtoka chini kwa chini, "Duh, tatu." Baadaye aliniapia kwamba hakujua kama amelisema kwa sauti. Jioni nikahariri kipindi mwenyewe. Nikakata kikohozi, nikakata honi ya bajaji, nikamkata mteja aliyekuwa anaulizia mito. Ile tatu ikanipita. Lakini haikumpita Cornel, ambaye husikiliza kipindi ameweka waya masikioni na sehemu za Bura huzirudia mara mbili.

Jumatatu asubuhi akaja kwenye cherehani yangu. Hakukaa.

"Njia ya mwongo ni fupi, Bernadina," akasema. "Kwa ajili ya mbaazi watu wananionea huruma. Kwa ajili ya posa wananionea huruma. Pale stoo ndipo nilipokuwa mtu kama watu. Sasa na wewe?"

Nilipaswa kusema samahani. Badala yake, kwa huu mdomo wangu, nikasema, "Ni mchezo tu, Cornel."

"Miaka mitatu umekuwa ukiniambia si mchezo tu," akanijibu, akaondoka. Kesho yake alipanda basi la kwenda Mererani kuchimba madini, na simu yangu hakuipokea tena.

Kwetu kuna sheria moja isiyovunjwa. Asiyefika kikaoni, mtu wake hauawi wala haendeshwi na mwingine. Anabaki nyuma anachunga punda wa msafara. Basi kila Jumamosi nilikuwa nafungua mchezo kwa maneno yaleyale: "Bura anachunga punda." Wasikilizaji wengine wakaanza kuandika kwamba nimpe mtu mwingine amwendeshe. Nikawajibu kwamba wakitaka punda wasio na mchungaji watafute podikasti nyingine. Rashidi akasema wasikilizaji hawajibiwi hivyo. Nikamwambia mimi ndivyo ninavyowajibu.

Na sikuacha hata wiki moja. Wiki ya mvua kubwa, bati liliponguruma, tulirekodi tumejifunika godoro. Wiki niliyoumwa malaria nilirekodi nimelala juu yake, Rashidi akanitania kwamba nimegeuza duka lake wodi. Kilichokuwa kinanisukuma ni kitu kidogo. Ukurasa tunaowekea vipindi unaonyesha wasikilizaji kwa miji, na kila Jumapili, chini kabisa ya orodha, palikuwa na mstari huu: Mererani, 1.

Mama alikuwa ananiuliza tukitoka misa. "Yupo?"

"Yupo, mama."

Basi anaridhika, anaenda kubandika chakula.

Ikawa hivyo miezi minane. Halafu Jumapili moja Mererani haikuwepo kwenye orodha. Nikafungua ukurasa upya, mara ya pili, mara ya tano. Haikuwepo. Mama aliponiuliza nikamwambia mtandao unasumbua, na palepale nikajichukia, maana huo ulikuwa uongo wa pili kwa ajili ya mtu yuleyule. Wiki ya pili mstari haukurudi. Nikamtuma Sylvesta, kondakta wa basi, akamwulizie huko. Akarudi akaniambia, "Kaka yako mzima kabisa, dada. Ila kasema hana neno la kukwambia."

Hana neno. Nilikaa kwenye kile kiti cha cherehani nikalia mbele ya wateja, na sioni haya kulisema. Kufikia hapo nilikuwa najifariji kwamba amenuna tu na iko siku hasira zitaisha. Sasa nilikuwa nampoteza hasa, na aliyemfukuza ni mimi. Nilipomaliza kulia nikafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikamwambia Sylvesta, "Kesho ukifika, mwambie hivi. Jumamosi tunarudi darajani. Dadu inarushwa upya, na safari hii hadharani."

Rashidi hakupenda. Aliliona jambo hilo kama kuchezea moto.

"Berna, Bura akifa, Cornel ndiyo basi tena. Harudi."

"Bura alipona kwa uongo, je, Cornel alirudi?"

Rashidi akageukia kupanga magodoro.

"Alichonidai ni tatu yake," nikamwambia. "Sina kingine cha kumpa."

Jumamosi nikaja na sinia la bati la mama. Dadu ikirushwa humo inasikika, na mtu hawezi kuificha nyuma ya kitabu. Nikawasha kinasa sauti nikaungama kila kitu. Nikasema miezi minane iliyopita dadu ilisimama kwenye tatu nami nikatangaza kumi na tano, kwamba Rashidi alisema kweli bila kujua na mimi nilidanganya kwa makusudi, na kwamba kipindi hiki hakitakatwa hata kikohozi. Nikasema, "Kaka, niliona huruma mahali ambapo ulihitaji heshima. Nisamehe."

Likabaki swali la nani asome namba. Mimi sikuaminika, na Rashidi ni mtu wangu. Wakati tunatazamana, nikasikia hodi dukani. Alikuwa Mama Tunu, kaja tena kwa lile godoro la tano kwa sita, maana binti yake Tunu alikuwa anaolewa na safari hii godoro halikuwa na mjadala.

"Shikamoo, Mama Tunu," nikamwita. "Hebu njoo huku utusaidie kusoma namba."

"Marahaba. Hilo jini lenu mmelifunga?"

"Limefungwa, mama. Karibu."

Akaingia kwa tahadhari, akakaa ukingoni mwa godoro la Cornel. Sikumwambia inatakiwa namba gani. Nikairusha dadu. Ilizunguka kwenye bati muda mrefu, ikagonga ukingo, ikatulia. Mama Tunu akainama, akatengeneza miwani.

"Saba," akasema, na uso wake ukang'aa. "Saba ni namba njema kabisa. Hongereni."

Rashidi aliinamisha kichwa. Mama Tunu akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza?"

"Amekufa, mama," nikasema.

"Nani amekufa?"

"Bura."

Sijui alielewa nini, ila alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia taratibu, "Pole sana, mwanangu. Mungu awatie nguvu." Hapo nikashindwa kujizuia. Nikasimulia kifo chote machozi yakinitoka, namna kamba ilivyokatika, namna Bura alivyolikumbatia lile zimwi wakaanguka wote wawili, na namna punda walivyobaki ng'ambo wanaangalia bonde. Nikazima kinasa sauti. Sikukata kitu, hata ule wasiwasi wa Mama Tunu juu ya jini umo.

Jumapili sikuthubutu kuufungua ukurasa kabla ya misa. Nilifungua tukiwa nje ya kanisa, mama kasimama pembeni yangu ameshika kitabu chake cha nyimbo. Nikashuka mpaka chini ya orodha, sikuona Mererani. Nikapanda juu nianze tena. Ilikuwa juu, kwenye miji ya mwanzo. Mererani, 11.

"Yupo?" mama akauliza.

"Yupo," nikamwambia. "Na wenzake kumi."

Ujumbe wa sauti ulifika mchana, tuko mezani. Nikauweka kwa sauti kubwa ili mama asikie. Cornel alikuwa anaongea katikati ya kelele za watu.

"Bernadina. Nimesikia saba. Wanaapolo wenzangu nilikuwa nawasimulia Bura huku chini tukichimba, jana wote wamesikiliza. Leo wamekuja kunipa pole, mmoja kaniletea soda. Nimemzika mtu wangu vizuri. Niandikie mpya. Mpe damu kumi tu, usimwongezee. Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akaijibu simu, kana kwamba inasikia.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Amekonda, kucha zimejaa vumbi jeusi lisilotoka, shati kachomekea. Hakusema mengi wala mimi sikusema mengi, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi. Akakaa kwenye godoro lake, akafungua ukurasa mpya wa daftari. Mtu wake mpya alikuwa mchunga punda, bila shoka wala cheo, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuvuka mto uliofurika akiwa na punda watatu. Ilitakiwa kumi, na kila namba itakayopungua ni damu moja.

Nikaweka sinia katikati yetu. Kitabu sikukisimamisha. Cornel akainama mbele, viganja katikati ya magoti vilevile kama siku ile, na moyo wangu ukataka kunifanyia tena yaleyale. Nikairusha. Ikazunguka, ikatulia, wote tukaiona.

"Nne," nikasema.

Kaka yangu akachukua penseli, akafuta damu sita, akacheka.