Aliyempigia Nhàn Ngoma

Hapa Hanoi hakuna mwenye sikio la muziki kunishinda mimi. Nasema sikio, moja, la kulia. La kushoto siku hizi husikia yale tu linayoyataka.

Joto likishapungua na majani yakaanza kupukutika, mji wetu hushikwa na wazimu wa sanaa. Huku maonyesho ya picha, kule vikaragosi, na kando ya ziwa wasichana wamevaa nguo za bibi zao wanapigana picha. Mtaa wetu nao ulipewa alasiri moja ya nyimbo za kale kwenye jumba la mtaa. Mwimbaji ni jirani yangu Nhàn, ambaye hakuwa ameimba tangu afiwe na mumewe.

Sasa, nyimbo zile haziimbwi bila ngoma, na ngoma yenyewe haipigwi na mwanamuziki. Hupigwa na msikilizaji mmoja anayezijua, anayekaa mbele ya mwimbaji na kumsifu kwa fimbo pale alipopatia. Msikilizaji wa Nhàn alikuwa mumewe. Waandaaji wakamwambia wazi: usipopata mtu wa ngoma, nafasi yako tunawapa vijana wa gitaa.

Nhàn alikuwa ameshaitoa nguo yake ya mahameli sandukuni. Akairudisha.

Ndipo Quyền, mgane wa mlango wa pili, akakohoa. "Dada Nhàn, mimi naipiga. Babu yangu alinifundisha tangu mdogo."

"Wewe?" nikamwuliza. "Miaka yote tunagawana ukuta, sijakusikia hata ukigonga sufuria."

"Mtu mstaarabu hagongigongi, Dada Mùi."

Nhàn akaitoa tena nguo.

Tangu jioni ile ukuta ukaanza kusema. Tok. Tok-tok. Kimya. Tok.

"Kaka Quyền, unafanya nini humo?"

"Nakatakata nyama."

Nyama gani, na mwezi ulikuwa mpevu, siku ambayo mzee yule hagusi hata yai? Nikachukua pepeta zangu za mpunga mchanga, nilizozifunga kwenye jani la yungiyungi, nikajifanya nampelekea. Nikachungulia dirisha la jikoni, maana mlango wake una kelele. Amenipa mgongo, spika ndogo masikioni, anapiga sufuria iliyopinduliwa kwa kijiti cha kulia chakula, jasho linamtiririka. Mahali fulani akasita, kijiti juu, kisha akaendelea. Akarudia tangu mwanzo, na palepale akasita tena.

Aliyefundishwa na babu anafanyia nini mazoezi? Na anasikiliza nini? Nikarudi kwangu, nikazila zile pepeta mwenyewe huku nikiwaza.

Siku ikafika. Jumba lilijaa. Nhàn akaketi mkekani na vibao vyake vya mianzi, akavigonga huku akiimba, na Quyền akapiga ngoma. Alipiga vizuri, sitamwonea. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Nhàn akapandisha sauti pale pagumu kuliko pote, akaishikilia nyembamba kama uzi, akingoja sifa yake.

Quyền kimya, fimbo juu.

Nikaona jicho la Nhàn likimgeukia. Kisha fimbo ikashuka, wimbo ukaendelea hadi mwisho, watu wakapiga makofi. Vijana wa gitaa nao walipiga.

Baadaye tulikaa nyuma ya jumba tunakunywa chai.

"Umenifaa sana, Kaka Quyền," Nhàn akasema. "Babu yako alikuwa hodari."

"Hodari kweli."

"Na pale juu uliponyamaza, ndivyo alivyokufundisha?"

"Ndivyo. Mtindo wa zamani huo. Siku hizi hawaujui."

"Ajabu." Nhàn akamwongezea chai taratibu. "Siku tuliporekodi ile kanda yetu iliyouzwa sokoni, marehemu naye alinyamaza palepale. Alikuwa anawasha kiko chake. Babu yako naye alikuwa anavuta?"

Quyền akakiinamia kikombe chake. Masikio yake, ambayo bado yanasikia yote mawili, yaliiva kama pilipili.