Diski Iliyotolewa Nzima

Chumba cha seva cha mahakama kilipopakwa rangi, aliyetoa diski na kuzirudisha alikuwa karani mkuu, ambaye kila mtu alimwita Mzee Mihuri. Zilikuwa sita. Alizifuta vumbi moja moja kama vikombe vya wageni, kisha akazichomeka popote zilipoingia.

Fundi wa kompyuta, mwanamke asiye na maneno mengi, alipoona hivyo alishika kiuno. Lakini seva iliwaka, na rekodi zote zikaonekana.

"Una bahati, Mzee. Mfumo hauangalii diski imekaa tundu lipi. Kila moja ina alama yake ndani, na inajulikana kwa hiyo."

Mzee Mihuri alicheka kwa kujivuna kidogo, yakaisha.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, kioo cha kompyuta kiliandika kwamba diski ya nne inakufa. Fundi alipigiwa simu, akasema yuko njiani na mpya. Siku hiyo ilikuwa isikilizwe kesi ya mauaji. Shahidi pekee alikuwa mama wa kijana aliyeuawa. Miezi kadhaa kabla alikuwa ametoa ushahidi, ukarekodiwa, na mwezi uliofuata naye akafariki. Sauti yake ilikuwa ndani ya seva, na hapakuwa na nakala nyingine. Binti yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani.

Karani hakuweza kutulia. Ili kumpunguzia fundi kazi, alishika diski iliyokaa kwenye tundu lenye stika ya namba nne, akaivuta.

Seva ikazimika.

"Umetoa ipi?" fundi aliuliza alipoingia.

"Ya nne. Si imeandikwa?"

"Stika ni ya tundu, Mzee. Inayokufa uliihamishia tundu la pili wewe mwenyewe. Hiyo uliyoshika ilikuwa nzima, na seva inaweza kukosa diski moja, si mbili."

Mzee Mihuri alitazama mkono wake.

"Inatengenezeka?"

"Sijui bado. Niache nifanye kazi."

Fundi alirudisha diski, akaanza kulinganisha namba zilizochapwa ubavuni mwa kila moja na orodha yake. Karani alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye benchi.

"Mwanangu," alisema, "sauti ya marehemu mama yako huenda imepotea. Asilaumiwe mwingine. Ni mimi."

Binti alisogea na mkoba wake, karani akakaa. Walikaa hivyo mpaka saa tisa, fundi alipotokea mlangoni akifuta jasho.

"Imepatikana. Imepungua dakika nane za mwanzo."

Waliisikiliza ofisini. Mama alianzia katikati ya sentensi, kisha akawataja waliompiga mwanawe, mmoja mmoja, bila kutetemeka. Jaji aliposikia alisema kesi itaendelea.

Watu walipotoka, binti alibaki na karani.

"Zile dakika nane," alisema, "mama alikuwa anaeleza kaka alikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwepo, nakumbuka."

"Haiwezi kuingia kwenye jalada, mwanangu."

"Najua. Andika tu."

Mzee Mihuri alivuta karatasi, akavaa miwani, akaanza kuandika.