Korongo wa Nguzo Namba Saba

Kwa mujibu wa kamati inayothibitisha ndege adimu wa mkoa wetu, mimi ni korongo jike. Nimeingizwa kwenye kumbukumbu zao, siku na saa zimeandikwa, na mashahidi ni tisa. Jina langu ni Hilary Thirtle. Nimeendesha basi la shule hapa Brancham, pwani ya Norfolk, kwa miaka ishirini na sita, na baadhi ya mashahidi hao niliwapakia wakiwa bado wanafutwa kamasi. Wangenitambua hata gizani, wakitaka.

Jambo lenyewe lilianza na jicho la kulia la Leonard, mume wangu. Lilikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ilikwisha kumpangia siku ya upasuaji mara mbili, na mara zote mbili alipata udhuru: mara ya kwanza bata bukini walikuwa wanawasili, mara ya pili walikuwa wanaondoka. Barua ya tatu ilisema Alhamisi, saa tatu asubuhi, na kwamba akikosa tena anarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya mwaka na ushei. Daktari alinivuta pembeni akaniambia jicho lile haliwezi kungoja kiasi hicho. Barua niliikuta ndani ya kitabu chake cha ndege, ukurasa wa bundi, ameifanya alama ya kusomea.

Alikuwa anaogopa, basi. Baba yake aliingia chumba cha upasuaji wa macho akiona kidogo, akatoka haoni kabisa. Lakini mwanamume wa huku hasemi anaogopa. Leonard alisema darubini yake ina ukungu.

Sizungumzii darubini ndogo ya kuning'iniza shingoni. Hii ni ile kubwa ya jicho moja, inayosimama kwa miguu mitatu, ya kutazamia ndege aliye ng'ambo ya kinamasi. Mtu wa ndege bila darubini hiyo ni sawa na mvuvi aliyekuja na kikapu tu. Jumatatu asubuhi Leonard akanitangazia kwamba ile ya zamani imechoka na anataka mpya, tena ya daraja la juu. Mimi nilimwambia kilichochoka si darubini. Akaniomba nimpitishie siagi.

Duka la darubini la Rodney Larter liko ghorofani, na dirisha lake linatazama kinamasi chote. Mteja hujaribu darubini kwa kuielekeza kwenye nguzo namba saba, iliyo mbali kule kwenye matete, na kusoma namba iliyopigwa kwenye bati. Rodney ni mtu mwema, na kazi yake anaijua. Alimweleza Leonard kwamba lenzi pana ya mbele inaingiza mwanga mwingi jioni lakini itamvunja bega kuibeba. Kwamba asibabaishwe na kuvuta mara sitini, maana hapo unakuza na mtetemo wa hewa. Na kwamba ile yenye kitundu cha kutazamia kilichopinda juu ni nzuri kwa watu warefu na wafupi kushirikiana bila kushusha miguu kila dakika.

Leonard akainama kwenye ya kwanza. "Ina ukungu," akasema. Ya pili ukungu. Ya tatu, iliyotoka Austria na ina bei ya gari dogo, ukungu mwingi zaidi. Akazimaliza tisa.

Sasa, watu wetu wana adabu moja ambayo siku moja itatuua. Mtu mzima akisema anaona kitu, hukatai. Ndani ya kibanda cha kuchungulia ndege ndiyo kabisa: mmoja akinong'ona kwamba kuna kitwitwi adimu kushoto kwa jani la tatu, wote wananyamaza kidogo, kisha mmoja mmoja anasema "nimempata," hata aliyekuwa anafungua sandwichi. Kusema "sijamwona" ni aibu, na kusema "hayupo" ni ugomvi wa vizazi viwili.

Kwa hiyo Rodney akachungulia kwenye darubini ya Austria, akasema kwamba sasa Leonard alivyomweleza, kwa kweli anaona kitu kama ukungu. Akaingia Philippa Gotts, mwenyekiti wa chama cha ndege, akaombwa maoni. Naye akauona, tena akasema upo zaidi upande wa chini. Kufikia Jumanne jioni nusu ya chama walikuwa wameona ukungu kwenye darubini zao wenyewe, na Rodney alikuwa na foleni ya watu ngazini, wote wapole, wote wanarudisha vyombo walivyovitumia miaka kumi bila neno.

Nilimwambia Leonard afumbe jicho la kulia atumie la kushoto, tuone ukungu utakwenda wapi.

"La kulia ndilo la darubini, mpenzi," alinijibu kwa upole. "La kushoto ni la mambo ya nyumbani."

Nilikasirika mpaka nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijiambia, lakini huyu ananiumbulia duka la mtu mwingine kwanza.

Jumatano, siku moja kabla ya hospitali, Rodney akaleta turufu yake ya mwisho. Ni darubini moja aliyoagiza kwa ajili ya mtu aliyefariki kabla ya kuichukua, lenzi ya mbele upana wa bakuli la supu. Wakakubaliana kuijaribu kibandani, mbele ya chama. Hapo nikapata wazo. Nitakwenda kusimama penye nguzo namba saba, mimi mwenyewe, mchana kweupe. Leonard akishindwa kumtambua mke aliyeishi naye miaka arobaini na moja kwa darubini bora kuliko zote dukani, atakosa pa kujificha, na Alhamisi nitampeleka.

Nilivaa koti langu la mvua la kijivu, skafu nyeusi yenye mstari mweupe, na kofia yangu nyekundu ya sufu ili aninase upesi. Mtu yeyote anayejua korongo wa huku, mwili wa kijivu, shingo nyeusi yenye mstari mweupe, utosi mwekundu, ameshaona nilipokosea.

Njia ya nguzo namba saba ni tope. Kila hatua nilikuwa nainua goti juu, nalishusha polepole, nanyoosha mikono pande zote nisianguke. Nilipofika nikaelekea kibandani, nikapunga. Nikapunga tena. Kisha buti la kushoto likazama na halikutaka kutoka.

Kilichotokea kibandani nilisimuliwa baadaye. Leonard aliinama, akatulia, akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani: "Korongo." Wale wengine tisa wakaelekeza darubini zao. Halafu Philippa akasema, "Nimempata." Rodney akasema amempata. Wakampata wote, mpaka wa mwisho. Philippa hata akaongeza kwamba ni jike, wakati korongo dume na jike hawana tofauti hata moja ya kuonekana. Na Leonard, kwa furaha, akatangaza kwamba darubini hii haina ukungu kabisa.

Mtu mmoja akatuma ujumbe kwenye kundi la simu. Nusu saa baadaye magari yalikuwa yamepangana barabarani, na juu ya tuta walisimama watu kama sitini, darubini zote zimenielekea. Nilipiga kelele waje kunitoa. Hakuna aliyesogea hata unyayo. Ndege adimu hasogelewi, hiyo ni sheria, na mwangalizi wa kinamasi alikuwa anapita nyuma yao akiwaomba warudi nyuma kidogo ili nisishtuke nikaruka. Niliwatukana. Niliwataja kwa majina, na majina ya mama zao ninayoyajua kutoka kituo cha basi. Nikaona vichwa vinainama na kalamu zinatembea; kwenye daftari zao, nilizozisoma baadaye, wameandika "sauti kubwa, kama tarumbeta, inayorudiwa."

Nililiacha buti. Nilikokota mguu mmoja wenye buti na mmoja wenye soksi, nikapita matete, nikatokea nyuma ya kibanda na kusukuma mlango. Tope lilikuwa limenifika mapajani. Wote wakageuka, wakasogea kwenye benchi kunipa nafasi, na Philippa akanishika mkono kwa huruma ya kweli.

"Pole, Hilary," akaninong'oneza. "Umemkosa kidogo tu."

Nilifungua mdomo niwaambie yote niliyokuwa nimeyapanga tangu kwenye tope. Yalikuwa mengi, na mengine hayasemeki. Lakini daftari la kibanda lilikuwa wazi mezani, na mwandiko ulikuwa wa Leonard, nikausoma kwanza. *Korongo, mmoja, mtu mzima. Anatembea kwa hasira. Nahisi nimewahi kumwona mahali, tena mara nyingi. Sikumbuki wapi.*

Nilisoma mara ya pili. Hasira yangu yote ikaniishia palepale, na badala yake nikaogopa. Niliogopa kama alivyokuwa anaogopa yeye, nadhani, miezi yote ile.

Leonard alikuwa ananitazama. Kwa karibu, kwa lile jicho la mambo ya nyumbani. Alitazama kofia, akashuka kwenye koti, akafika kwenye soksi. Akauliza nimetoka wapi.

"Nguzo namba saba," nikasema.

Akaketi kwenye benchi. Akavua miwani, akaishika mapajani kwa mikono miwili. Wengine wote waligeukia madirisha ghafla na kuanza kutazama maji matupu.

"Mwendo ule niliujua," akasema. "Nilijua naupenda. Sikujua ni wa nani."

Nilikaa pembeni yake na tope langu, tukashikana mikono mbele za watu, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu harusi ya mpwa wake. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama hospitali wanaruhusu mke aingie mpaka mlango wa chumba chenyewe. Nikamwambia wasiporuhusu watanijua.

Kabla hatujaondoka alichukua kalamu ili afute alichoandika. Philippa akaliwahi daftari, akalikumbatia kifuani. Alisema anamheshimu sana Leonard, lakini mashahidi ni tisa.

Alhamisi saa tatu kasorobo tulikuwa hospitalini. Nilimshika mkono mpaka mlangoni, na safari hii hakutoa udhuru wowote. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kunywa chai. Siku ya pili, jikoni kwetu, tulipobandua kifuniko cha jicho alikaa akitazama mikono yake, kisha ukuta, kisha akaniambia kwamba jiko tulilipaka rangi ya manjano. Tuliipaka miaka minne iliyopita.

Rodney alifutiwa aibu yake. Wiki ile ile Leonard alizirudia zile darubini tisa moja moja, akasoma namba saba kwenye zote, na wanachama wakapanda ngazi tena kuchukua vyombo vyao, wakisema kwamba kwa kweli ukungu umepungua. Yeye alichukua ya ukubwa wa kati, yenye kitundu kilichopinda, ambayo hata mimi naweza kuibeba.

Kisha akaiandikia kamati ya mkoa barua ya kurasa tatu, akieleza kwamba korongo wa Brancham alikuwa mke wake. Jibu lilikuja baada ya mwezi. Walimshukuru kwa uungwana wake, wakasema kwamba shahidi aliyekiri kuwa na mtoto wa jicho siku hiyo hawezi kupinga walichokiona watu tisa wenye macho mazima. Rekodi itabaki. Nimewaandikia mwenyewe pia, na wamenijibu kwamba hawapokei barua kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo kibandani.

Nilitaka kwenda kwao na buti lililobaki mkononi. Leonard akaniomba niache. Badala yake akaiweka darubini mpya kwenye dirisha la sebuleni, akanibembeleza nivae kofia na koti, nitembee mpaka geti la shamba la jirani na kurudi. Nilimuuliza kama ananichezea. Akasema hapana, na uso wake ulikuwa hauchezi.

Nikaenda. Ni mbali, na upepo ulikuwa unauma. Nilipogeuka getini niliona kioo cha lenzi kinametameta dirishani, kimenielekea mimi tu. Jioni nilikuta daftari lake dogo liko wazi karibu na birika. Ameandika tarehe, saa, hali ya hewa, na chini yake: *Hilary Thirtle, mmoja. Mtu mzima. Kofia nyekundu. Uhakika: kamili.*

Nililifunga nikaliacha palepale. Ila siku hizi nikitoka kwenda dukani, na najua yuko dirishani, naongeza hasira kidogo kwenye mwendo, asije akakosea.