Tuliomba Taa za Ngazi

Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja pale barazani aliposikia gari la manispaa likizimwa mbele ya jengo. Aliuacha msuko ukining'inia.

"Nisubiri kidogo, dada," akasema, akajifuta mafuta kwenye gauni na kukimbia kuwalaki.

Ni yeye aliyewasumbua hadi wakaja. Tangu jirani wa juu alipoteleza kwenye ngazi zenye giza na kuvunjika nyonga, msusi, katibu wa umoja wa wapangaji, alikuwa habanduki ofisi za manispaa. Alitaka taa za ngazi na vyuma vya kushikilia, basi. Wenzake walimtania kwamba ameolewa na manispaa.

Mhandisi alikuwa mtu mpole. Alipanda, akagonga kuta kwa nyundo ndogo, akaingiza kidole kwenye nyufa, akashuka. Kisha fundi wake akachovya brashi, akapiga X nyekundu ukutani, kubwa kama mlango.

"Hiyo ya nini, bwana mhandisi?"

"Jengo limechoka, dada. Nguzo zimeoza kwa ndani. Inabidi mhame kabla ya mvua."

"Lakini sisi tuliomba taa."

"Mliomba usalama." Alisema taratibu, macho chini. "Nikiwawekea taa halafu liwaangukie, nitapata wapi usingizi?"

Angekuwa jeuri, msusi angejua la kumfanya. Huyu hakuwa na pa kumshika.

"Tuhamie wapi?"

"Hilo liko idara nyingine."

Wapangaji walikuwa wameshajaa uani. Fundi viatu wa chini, aliyezoea kuwachekesha wote, alimgeukia msusi.

"Katibu, uliwaita, wamekuja," akasema. "Haya, tufungashe."

Hakuna aliyecheka. Mteja alijifunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa nusu, akaondoka bila kuaga.

Msusi alipanda juu. Mama mkwe wake, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu na hakuweza tena kushuka ngazi zile, alikuwa amesimama katikati ya chumba, shingo ameinyoosha.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, mama."

"Si nilisema! Nimewasikia wakigonga. Wanafunga taa, eh? Mwanangu, hukuzaliwa na mimi lakini umenitoa kimasomaso."

"Mama, ngoja nikwambie..."

"Utaniambia baadaye. Kwanza waite wapande. Watu wametufanyia jambo kama hili, waondoke hata hawajakaa?"

Msusi alisogea kando kumpisha.

Kikongwe alipapasa ukuta hadi akakipata kiti, kile kimoja kilichokuwamo, akakiburuta hadi mlangoni. Akashika upindo wa nguo yake na kuanza kukifuta, mgongo, mikono, kisha miguu. Chini gari liliwaka, likaondoka. Yeye aliendelea kufuta, uso ameuelekeza kwenye ngazi, akisikilizia nyayo za wageni.