Mti wa Wachota Maji

Évariste alitaka kadi ya évolué, cheti cha serikali ya kikoloni cha Mwafrika “aliyestaarabika,” kuliko alivyotaka pepo. Jumamosi kamati ingekuja nyumbani kwake Kadutu, mjini, kukagua kama anaishi kistaarabu: uma, shuka, meza ya kulia. Meza ndiyo hakuwa nayo. Akapanda kijijini kwao, karibu na Lwiro, kukata ule mti mwekundu uliosimama juu ya chemchemi.

“Muti ile iko ya bamama benye kuchota maji,” mama yake, Maman Bulonza, alimwambia. “Bote baitike kwanza.”

“Maman, niko na karatasi ya Leta, ruhusa ya serikali. Iko na muhuri.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Guu la Évariste lilibaki zima, na mti ukaanguka mchana kweupe.

Meza ilipofika mjini ikaanza kutoa maji. Seremala alidai ni jasho la mbao mbichi. Jasho gani hilo, baridi na safi, linalotiririka kila asubuhi hadi mlangoni? Apolline, mke wa Évariste, aliyaonja akayatambua. Yalikuwa maji ya ile chemchemi ya kijijini.

Jumamosi mchana wanawake wachota maji wa kijijini wakafika. Chemchemi ilikuwa imekauka. Hakuna aliyewaelekeza nyumba, lakini walikuja moja kwa moja, mitungi mgongoni, miguu imejaa vumbi, wakapanga mstari uani, kila mmoja akingoja zamu yake. Maman Bulonza alitangulia ndani. Alikinga mtungi ukingoni mwa meza, maji yakaanza kuingia.

Hapo gari la kamati likasimama.

Ofisa mzungu aliwapita wanawake, kalamu mkononi. “Évariste, hawa bote ni watu ya kwako?”

Aibu ilimpanda Évariste mpaka masikioni. Mama yake alikuwa anamtazama.

“Hapana, bwana. Sibajuwe hata mumoja.”

Maji yakakatika. Meza ikakauka palepale, na mtungi wa Maman Bulonza, uliokuwa umejaa nusu, ukawa mtupu. Ofisa hakuona kitu. Alipapasa mbao, akasema meza ni nzuri, akaandika kwamba nyumba inafaa.

Évariste angepaswa kufurahi, lakini aliogopa. Wanawake waligeuka mmoja mmoja wakaondoka. Maman Bulonza peke yake alibaki. Alimpita mwanawe kama anavyopita mlango, akamshika Apolline mikono yote miwili, jinsi anavyoshikwa mjane.

“Pole, binti yangu,” akasema. “Bwana yako alikuwa mutoto muzuri.”