Siku Bijou Alipousifu Mji Wao

Vumbi, kwanza vumbi: jekundu, laini, likiinuka nyuma ya ng'ombe na kutua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya maziwa yasiyofunikwa. Vumbi la Kahundira, mji mdogo wa nyikani, mashariki ya Kongo. Bijou analiona waziwazi hapa Croydon, Ulaya, mwaka tisini na nane, mvua ikipiga dirisha la ofisi ya wakimbizi, na moyo wake hautulii.

Mara ya kwanza walimwuliza: mji wenu ukoje? Akajibu kama alivyolelewa kujibu. "Kwetu? Ni majani tu. Hakuna kitu ya maana." Ndivyo watu wa Kahundira wasemavyo mbele ya mgeni, maana kilicho hai hakisifiwi, kisije kikapatwa na jicho baya. Ng'ombe mnono huitwa mfupa. Mtoto mzuri huitwa panya. Anayesifiwa kwa sauti ni marehemu peke yake. Basi afisa akaandika kwamba mwanamke huyu hajui mji anaodai kuwa ni kwao.

Leo wamempa nafasi ya mwisho. Asipoaminiwa atapandishwa ndege, arudishwe kwa wale wale wenye bunduki aliowakimbia. Afisa, kijana wa watu, mafua yamemshika, anauliza tena, na mzee Talib, mkalimani, mwenyeji wa Mombasa, anatafsiri: "Tueleze mji wenu, mwanangu."

Bijou anasema moyoni: Ee Kahundira, nifanyeje nawe? Nikikunyamazia, nimekwisha. Nikikusifu, nimekuzika.

Akaanza polepole. Akasema zamani wachungaji walilala pale kwa ajili ya chumvi ya ardhini; Wabelgiji wakajenga josho la kuogeshea ng'ombe, mapadri wakaleta jibini, na jibini ile, jamani, Ulaya nzima hakuna ya kuifikia. Akasifu soko la Jumamosi, akasifu kengele ya kanisa, akasifu majani yanavyolala na kuinuka upepo ukipita. Akamsifu mama yake, aliyewashinda wanaume wote kwa kukamua. Alisifu machozi yakimtoka, kwa sauti ya matangani, na kalamu ya afisa ikakimbia, ikakimbia.

"Leo ameeleza vizuri sana," akasema afisa, akatabasamu.

Talib hakuyatafsiri hayo. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole kwa msiba."