Nyumba za Besi

Jumanne, tarehe 15 Aprili 2025, asubuhi ilikuwa na mawingu mazito, na mvua ilianza Mukuru kwa Njenga kabla watu hawajatoka kwenda viwandani. Kavinya alikuwa akipika uji nyumbani kwake, mahali ambapo nyumba yake ilibomolewa na tingatinga mwezi wa Januari. Kuta zilikuwepo kwa sababu Patrobas, DJ wa mtaa, alikuwa ameweka CD yake ya mkusanyiko wa rege na dancehall za mwaka huu, na besi ilikuwa juu.

Mambo yalikuwa hivyo tangu ubomoaji. CD ikicheza, kuta za kila mtu zilisimama palepale zilipokuwa zamani, zikiwa na paa, na mvua ikapita pembeni. Wimbo ukiisha, nyumba zilitoweka mpaka wimbo uliofuata uanze. Rege ilitoa kuta nene. Dancehall ilitoa kuta za kutikisika, lakini hazikuvuja. Kavinya, ambaye huimba kwaya, aliwahi kumpa Patrobas nyimbo za kanisa ajaribu. Zilitoa dirisha moja zuri, bila ukuta. Kavinya alimshukuru Mungu kwa dirisha, kisha akaomba rege irudi.

Mtoto wake, Ndindi, alizaliwa ndani ya kuta hizo, na kifua chake kilikuwa kibovu. Nesi alisema jambo moja tu: asilowe. Kwa hiyo kila wimbo ulipokaribia mwisho Kavinya alimkinga kwa beseni na kuomba, "Bwana, tufunike." Kati ya wimbo na wimbo hapakuwa na nafasi ya sala ndefu zaidi.

Saa nne, vijana kutoka Tassia, mtaa jirani wa maghorofa, walikuja kusikiliza. Wimbo mmoja uliwapendeza sana, na kama ilivyo desturi ya rege, wakapaza sauti: "Rudisha! Rudisha!" Patrobas, kwa mazoea yaleyale, akasimamisha CD ili wimbo uanze upya. Mtaa mzima ukawa uwanja. Kavinya alikuwa akinyonyesha, na beseni lilikuwa mbali.

"Mnatuulia mtoto, nyinyi!" Mama Sydney, jirani yake, alifoka akiwa kitandani mwake, mvuani. "Nendeni mkarudishe kwenu, huko mna lifti!"

"Pole, mathe," kijana mmoja alisema. "Hatukujua kuna watu ndani."

Kufikia mchana Ndindi alikuwa akipumua kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Ndipo Bwana Mbugua alipofika na mwavuli mkubwa. Alikuwa ametumwa na wenye kiwanja, wale walioleta tingatinga. Alibisha mlangoni kwa Kavinya, akafuta viatu, akaingia. Majirani wakamfuata. Alipapasa ukuta.

"Mna nyumba nzuri," alisema. "Basi hamna haraka."

"Betri ya Patrobas inaisha, mkubwa," Kavinya alisema. "Na mtoto anaumwa."

Bwana Mbugua alisimama wima. "Mbele ya hawa wote naahidi: kabla mwezi huu haujaisha, kila mtu atapewa mahali pake, na hakuna atakayelowa tena."

Alikuwa amesema hivyohivyo Februari, na Machi pia. Mama Sydney alitikisa kichwa kwa heshima.

Betri ikaisha. Kuta ziliondoka kuanzia upande wa mlango. Bwana Mbugua alifungua mwavuli wake bila haraka, na Patrobas akabaki kwenye matope, nyaya mkononi, akimtazama Kavinya.

Kavinya hakulitafuta beseni. Alimweka Ndindi mikononi mwa Bwana Mbugua, chini ya mwavuli.

"Mshike shingo, mkubwa. Hapo. Hivyo."

Kisha akarudi nyuma, akasimama mvuani pamoja na wenzake.

"Rudisha," alisema, bila kupaza sauti.

"Rudisha," majirani wakaitikia.

Ndindi alikohoa. Bwana Mbugua alimtazama, akasafisha koo, akaanza upya.

"Mbele ya hawa wote naahidi: kabla mwezi huu haujaisha, kila mtu atapewa mahali pake, na hakuna atakayelowa tena."